Harufu ya Mwaloni Uliochomwa

Siku ya kwanza nilipoingia katika ile nyumba ya Temple Hills, mzee aliniambia nilichopika asubuhi kabla sijavua koti. "Vitunguu," alisema, macho ameyafumba. "Samli. Na kitu fulani kimekuungulia." Ni kweli, niliunguza chapati. Nilidhani ananisimanga, nikanuna, maana hasira zangu haziko mbali, na tayari nilikuwa nimeonywa kwamba wahudumu walionitangulia walikuwa wamemkimbia. Ilinichukua muda kuelewa kwamba vile ndivyo alivyokaribisha watu. Pua ndiyo iliyomlisha tangu ujana, na mtu yeyote mgeni alimnusa kwanza, kisha ndipo akamtazama.

Alikuwa Mmarekani mweusi wa Kentucky, na kazi yake yote ya maisha aliifanya ndani ya maghala ya wiski, ile wanayoiita bourbon, ambayo hulazwa ndani ya mapipa miaka na miaka kabla ya mtu kuionja. Alikuwa mjane. Aliteleza kwenye barafu mlangoni kwake, akavunjika nyonga, na binti yake, mtoto wake wa pekee, akamchukua na kumleta Maryland ili awe karibu naye. Binti huyo alifanya kazi katika ofisi moja ya serikali kule Washington. Alitoka alfajiri amevaa raba, viatu vya ofisini vimo kwenye mkoba, akarudi jioni yu hoi, na jambo la kwanza aliloniuliza kila jioni lilikuwa kama baba yake amekula. Lile la pili lilikuwa kama amezungumzia kwenda kwao. Jibu la maswali yote mawili lilikuwa ndiyo.

Nyumba ya mzee ilikuwa bado ipo Kentucky, juu ya kilima, na kutoka barabarani hadi mlangoni ilibidi upande ngazi za mawe. Ngazi hizo ndizo zilizokuwa kesi. Binti alitoa hukumu mbele yangu, wiki ile ile niliyoanza kazi: kama baba ataweza kupanda ngazi za nyumba hii, kutoka chumba cha chini hadi juu, bila kushikwa na mtu wala kuegemea ukuta, kabla ya joto la kiangazi kuingia, atamrudisha kwao. Asipoweza, nyumba itauzwa na jambo hilo halitazungumzwa tena. Mzee alikubali kwa kichwa. Kisha akanigeukia mimi, ambaye sikujua hata vikombe vinawekwa wapi, akasema, "Umesikia. Una kazi."

Nilisikia, na nikaona papo hapo nilivyotegwa. Nikifanya kazi hii vizuri, najifukuza kazi mwenyewe.

Mimi natoka nyanda za juu za Bonde la Ufa, upande wa Kenya ambako asubuhi ni baridi na ng'ombe ni wengi kuliko magari. Nilikwenda Marekani kwa ziara fupi, nikabaki, na karatasi zangu zikakwama katika ofisi ambayo kila nikiipigia simu niliambiwa ningoje. Kuondoka ningeweza siku yoyote. Kuingia tena ndiko kusingewezekana, na kule nyumbani waliotegemea nilichotuma walikuwa wengi. Kwa hiyo nilingoja. Nilipanga chumba Oxon Hill, mtaa wa jirani, pamoja na dada mmoja Mkongo aliyesafisha maofisi. Mama yangu alikuwa kijijini, anazeeka bila mimi, na nilimsikia kwa kadi ya simu, yeye amesimama dukani pale senta kwenye simu pekee iliyokuwapo, huku wapita njia wakimsalimia katikati ya maneno yetu. Mama hajui kukatisha salamu ya mtu. Nusu ya kadi yangu iliishia kusikiliza habari za ng'ombe wa majirani.

Basi kila asubuhi baada ya chai tulishuka taratibu hadi chumba cha chini, tukapumzika, kisha tukaanza kupanda. Mwanzoni nilimshika kiunoni na mkononi, na alikuwa mzito kuliko alivyoonekana. Kiingereza chake cha Kentucky kilinipa taabu. Maneno yalitoka yamenyooshwa kama uji. Nilimwita Mzee. Aliuliza maana yake, nikamweleza kwamba kwetu ni heshima, akasema basi nisimwite kitu kingine.

Alipanda kwa kusimulia. Nadhani maumivu ya nyonga yalihitaji kupewa kitu cha kusikiliza. Aliniambia kwamba ghala la mapipa ni jengo refu la mbao na bati, halina feni wala hita, na ndani yake mapipa yamelazwa kwenye vichanja, orofa juu ya orofa. Juu kabisa, chini ya bati, joto la kiangazi ni la jikoni. Pombe hujaa nguvu, huiva upesi, na nyingi hupotea. Chini kabisa, karibu na udongo, ni baridi, na pipa la chini hulala usingizi mrefu bila haraka na mtu. Wiski nzuri iko katikati, alisema, huku amesimama katikati ya ngazi akihema. Alidai kwamba ndiyo sababu amesimama pale.

Nilijifunza kazi ile yote kwa vipande, siku kwa siku, ngazi kwa ngazi. Nilipomwambia kwamba mahindi kwetu ni ugali, alisema kwao pia yalikuwa chakula mpaka yalipowazidi. Wakulima wa zamani waliohamia kule walivuna mahindi kuliko walivyoweza kula, na njia za kwenda sokoni zilikuwa matope na milima. Farasi hawezi kubeba mahindi ya maana, lakini mahindi hayo hayo yakigeuzwa pombe anayabeba shamba zima mgongoni. Maji yao yanapita kwenye mawe ya chokaa na hayana chuma, maana chuma huifanya pombe kuwa nyeusi. Wanasaga mahindi, wanayapika, wanatia nafaka nyingine kidogo, kisha kimea cha shayiri, kile ambacho kimechipuzwa na kukaushwa, ndicho kinachogeuza uji ule kuwa mtamu. Hamira inafanya kazi yake. Na kila wanapoanza upya huchukua machicha ya mara iliyopita na kuyachanganya na ya sasa, ili pombe mpya isianze bila kujua ilikotoka. Halafu mtambo wa shaba, mvuke, matone. Inayotoka ni nyeupe kama maji na kali ya kutoa machozi. Wiski yenyewe, alisema, bado haijaanza.

"Inaanza lini?"

"Ikiingia kwenye pipa. Panda."

Nilimwuliza ni nani aliyebuni mapipa yale yaliyochomwa ndani. Hapo alicheka mpaka ikabidi nimshike vizuri. Kila mji wa kwao una mtu wake wa kumsifia, alisema, huyu mhubiri, yule mfanyabiashara, na wote wanatia chumvi. Huenda ni mtu tu aliyekuwa na pipa kuukuu linalonuka samaki, akaliwasha moto ndani ili kuua harufu, akatia pombe yake na kuipakia kwenye mashua za mtoni kwenda kusini. Safari ilikuwa ya miezi. Waliofungua pipa kule walikuta pombe imekuwa nyekundu na imelainika, wakaagiza nyingine. Lililo hakika, alisema, ni kwamba babu wa babu yake alikuwa mtumwa katika shamba lenye mtambo, na yeye na wenziwe ndio waliowasha moto, wakakoroga, wakabingirisha mapipa. "Na hakuna chupa yenye jina lake," alisema. Hakupandisha sauti. Aliweka mguu kwenye ngazi iliyofuata, akauvuta na ule mwingine.

Siku nyingine alinisimulia habari za baba yake, aliyekosa kazi miaka ile serikali yao ilipopiga marufuku pombe nchi nzima, isipokuwa kidogo iliyouzwa kwenye maduka ya dawa kwa cheti cha daktari. "Kaunti nzima iliugua ghafla," alisema. Nilicheka kwa sauti, kisha nikajirekebisha. Mimi ni mtu wa kanisa. Nyumbani kwetu wiski haikuingia hata kwa kisingizio cha kikohozi, na Jumapili nilikuwa nikiimba kwaya na Wakenya wenzangu ambao wangeshtuka kujua kwamba ninakijua kimea cha shayiri kuliko Zaburi. Nilijifariji kwamba kusikiliza si kunywa.

Kwenye dirisha la chumba chake palikuwa na ubao mmoja wa pipa, uliopinda kidogo, upande mmoja mwaloni mtupu, ule mti mgumu wa mapipa yao, na upande mwingine mweusi tititi. Alipewa siku alipostaafu. Asubuhi kabla ya yote aliuchukua, akausogeza puani, akavuta pumzi, akaurudisha. Nilidhani ni uzee. Siku moja ya mwisho wa vuli, mvua ikinyesha na yeye hataki kushuka ngazi, alininyooshea. "Nusa," alisema. "Upande mweusi."

Nilinusa. Kulikuwa na moshi, na sukari iliyoungua, na utamu fulani mkavu nyuma yake. Nilijikuta nimeketi kitandani pake bila kukaribishwa. Ilikuwa jiko la mama yangu. Ilikuwa asubuhi, mama amechuchumaa, kibuyu kimelala mapajani mwake, na kijiti chenye kaa la moto kimo ndani, kinazungushwa. Nikashindwa kumrudishia mtu ubao wake.

Mzee hakuniuliza nina nini. Aliuliza, "Umenusa nini?" kama vile angemwuliza mfanyakazi mwenzake ghalani.

Nikamweleza. Kwetu kuna maziwa yanayoitwa mursik. Hulazwa kwenye kibuyu, na kibuyu hicho hutayarishwa kwa moto. Unachukua kijiti cha mti maalumu, mti wenye maua ya manjano, unakichoma mpaka kiwe kaa, unakitia ndani kingali chekundu, unakisagia kwenye kuta za kibuyu mpaka kote kuwe kweusi. Unakung'uta vumbi. Ndipo unatia maziwa yaliyochemshwa yakapoa, unafunga, unaweka mahali pa baridi. Yakitoka huko ni mazito, machachu, yana rangi ya majivu na harufu ya moshi.

Macho yake yalikuwa yamefunguka vizuri. Aliuliza mti ni mkavu au mbichi. Aliuliza kaa linazimwa kabla au baada. Aliuliza kibuyu kinatumika mara ngapi, nikasema miaka mingi, tena kikizeeka ndiyo kizuri. Alishangaa. Pipa lao, alisema, kwa bourbon hutumika mara moja tu, ni sheria, kisha huuzwa kwa watu wengine wa pombe nyingine. Akanieleza kazi ya kaa. Joto la kiangazi huyasukuma yale maji meupe ndani ya mbao, yakapita mkaa na kuingia kwenye sukari ya mti. Baridi ya kipupwe huyavuta yatoke. Kila mwaka yanaingia na kutoka, na rangi yote na utamu wote unatoka mle. Na kila mwaka kiasi fulani hupenya kwenye mbao na kupotelea hewani. Wao hukiita fungu la malaika.

"Malaika wa kanisa gani?" nikauliza.

"Wa kanisa langu," alisema. "Wa kwako wanakunywa maziwa."

Kisha akauliza maziwa yananywewa nini, nami nikamwambia sehemu ambayo ningependa asingeiuliza. Huyanywa kila mtu, kila siku. Ila yana kazi moja kubwa. Mtu akitoka mbali, awe mkimbiaji aliyeshinda mbio Ulaya au mtoto aliyetoka masomoni, watu wake humpokea na kibuyu. Hata uwanja wa ndege huenda nacho. Akishakunywa ndipo amerudi. Mama yangu alinichagulia kibuyu changu siku nilipoondoka.

"Yanakaa muda gani?"

"Wiki chache. Mwezi, pakiwa na baridi. Yakipita hapo yanaharibika."

"Kwa hiyo hawezi kukuwekea."

"Hawezi. Anatia maziwa, yakiiva anawapa majirani, anaosha kibuyu, anakichoma, anatia mengine."

"Kila mara?"

"Kila mara. Kaka yangu ndiye aliyeniambia. Yeye mama hakuwahi kuniambia."

Mvua ilikuwa ikipiga kioo. Mzee aliuchukua ubao wake kutoka mkononi mwangu taratibu. "Wiski ingekungoja," alisema. Nilitoka nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Tangu siku ile nikawa na wazimu wa maziwa. Msimu ule wakulima wa kando ya barabara walikuwa wakiuza maboga, na pembeni yake vibuyu vya mapambo, ambavyo Wamarekani huviweka mlangoni kisha huvitupa. Nilinunua viwili. Mzee aliniruhusu kuvikausha chumba cha chini karibu na tanuri la kupashia nyumba joto, na kila tuliposhuka alivigonga kwa kucha na kusikiliza. Vilikauka kipupwe kizima. Nyonga nayo ilikuwa ikikaza. Nilikuwa nimeacha kumshika kiunoni, namshika kiwiko tu, na mara nyingine namwachia akapanda ngazi kadhaa peke yake huku roho yangu iko juu.

Kibuyu cha kwanza nilikiharibu. Ule mti wenye maua ya manjano haupo Maryland, kwa hiyo nilikwenda dukani nikanunua mfuko wa makaa ya kuchomea nyama. Yaliwaka kwa kiberiti kimoja, nikafurahi, nikayasifu makaa ya Marekani. Nikasagia kibuyuni, nikatia maziwa ya dukani, nikayaficha chini ya kitanda Oxon Hill. Nilipoyafungua, nilimwita yule dada Mkongo tuonje pamoja, maana furaha ya peke yako haina ladha. Yeye alishika kikombe, akakinusa, akakiweka mezani.

"Eh, dada. Hii maziwa iko nanuka petrole."

"Hapana, ni moshi. Ndivyo inavyokuwaga."

"Mimi najua moshi. Ulitia makala gani?"

"Zile za barbecue. Niliona tu zimeandikwa charcoal, nikabuy."

"Ile banawekaka mafuta ndani juu iwake mbio!" Alishika kichwa. "Mon Dieu, dada, ulitaka kutuua sisi wote, na kodi ya mwezi hii tumeshalipa!"

Nilionja kwa ukaidi. Ilikuwa kama kulamba stovu. Tulimwaga yote chooni, na kwa siku kadhaa chumba kilinuka gereji. Nilipomsimulia mzee, alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka nikamletea maji, kisha akaangalia dirisha. Halafu aliinuka mwenyewe, akauchukua ubao wa pipa, akaniwekea mapajani.

"Choma huu."

Nilikataa. Nikamwambia ni kumbukumbu yake, ni wa pekee, hakuna mwingine nyumba nzima. Nilikuwa nimeanza hata kukasirika. "Na kama binti yako asipokurudisha? Utanusa nini?"

"Ndiyo maana narudi," alisema. "Huko ziko nyingi. Huku uko mmoja, na wewe una kibuyu."

Tulichoma Jumamosi ya masika, nyuma ya nyumba, kwenye jiko la kuchomea nyama la binti yake, miti ya jirani ikiwa ndiyo kwanza inachipua. Nilipasua ubao kwa kisu na nyundo. Mwaloni ulikuwa mgumu, na upande ule mweusi ulikataa kushika moto kwa muda, halafu ukawaka wote pamoja, kwa moto wa samawati ukingoni. Mzee alisema hiyo ni pombe ya zamani iliyobaki ndani ya mbao. Harufu ilipanda. Niliingiza kaa la kwanza kibuyuni nikaanza kusaga, na kila nilipozungusha mkono niliuona mkono wa mama. Nililia nikiwa nasaga, sikujificha. Mzee alikuwa amesimama upande wa moshi, makusudi, amefumba macho, na uso wake ulikuwa na njaa ambayo sijawahi kuiona kwa mtu aliyeshiba.

Binti alitoka ndani. Nilijua tutagombezwa kwa ajili ya moshi. Lakini alisimama mlangoni kama mtu aliyeitwa kwa nyuma. "Koti lake," alisema. "Nilipokuwa mdogo, koti lake lilinuka hivi. Nilikuwa najificha ndani yake akirudi kazini." Kisha akamwona baba yake vizuri. Fimbo ilikuwa imeegemea kiti, mbali naye, na hakuwa ameshika kitu chochote. Uso wa binti uliporomoka. Ndipo nilipoelewa kwamba muda wote ule alikuwa akiombea ngazi zimshinde.

"Akienda kule atafia peke yake," aliniambia jikoni baadaye, mgongo amenigeuzia. "Kila mtu aliyemjua amekufa. Anarudi kwa nani?"

Nilimwambia tu kwamba hata mimi nyumbani marafiki zangu wengi wameolewa mbali au wamekufa, na bado kila asubuhi naamka nikitazama upande ule. Alifungulia maji, akaacha yatiririke.

Siku ya kupanda ilikuwa Jumamosi pia, binti ndiye aliyeichagua. Alisimama juu kabisa, mikono ameikunja. Mimi nilibaki chini ya ngazi, mikono nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeadhibiwa, maana sheria ilisema asishikwe. Mzee alikuwa amevaa shati la kanisani. Aliniangalia mara moja, akaanza.

Alipanda polepole mno. Hakusimulia chochote siku hiyo. Nilisikia pumzi yake tu na mlio wa mbao. Katikati alisimama. Mguu ule mbovu ulianza kutetemeka, nikauona ukitetemeka ndani ya suruali, na mkono wake ukaanza kwenda ukutani. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka afike, na roho yangu ilitaka pia abaki, kwa sababu asubuhi zangu zote katika nchi ile zilikuwa ngazi hizi na mtu huyu, na hakuna mwingine aliyekuwa ameniuliza jina la mti wa kwetu. Juu, binti alikuwa amefunika mdomo. Mkono wa mzee ulikaa hewani, karibu na ukuta, bila kuugusa. Kisha ulishuka. Akainua mguu.

Alipofika juu hakushangilia. Alisimama mbele ya binti yake akihema, na binti akamkumbatia, akaweka uso kwenye shati lake, akalia kama mtoto. Mzee alimpigapiga mgongoni. "Najua," alisema. "Najua, mwanangu."

Nilipanda na kikombe. Maziwa ya kile kibuyu cha pili yalikuwa yameiva usiku wa kuamkia siku ile, au nilitaka kuamini hivyo. Nilimpa kwa mikono miwili, kama ipasavyo, ingawa huyu alikuwa bado hajafika kwao. Alinusa kwanza, muda mrefu. Akanywa funda moja, akakunja uso wote. "Yalihitaji miaka minne zaidi," alisema. Binti alicheka katikati ya machozi, akachukua kikombe, naye akanywa. Mimi nilikunywa wa mwisho. Ladha haikuwa ya nyumbani. Mwaloni una utamu ambao mti wetu hauna, na maziwa yalikuwa ya dukani. Lakini yalikuwa yamekaribia, na kukaribia kule kuliniumiza kuliko yale ya petroli.

Aliondoka kabla ya joto. Binti alichukua likizo ampeleke kwa gari mwenyewe, viti vya nyuma vimejaa mito. Mzee alinipa mkono dirishani, na kwa kuwa hakuwa mtu wa maneno ya kuagana, aliuliza, "Na wewe, ni nani anayekupandisha ngazi?" Nikamwambia aache maneno mengi, njia ni ndefu. Gari lilipokata kona niliingia ndani nikamkunjia shuka zake, kazi ambayo hakuna aliyenituma.

Walionitafutia kazi walinipeleka Columbia, mji mwingine wa Maryland, kwa bibi mmoja mpole aliyetazama televisheni tangu asubuhi na asiyetaka kuzungumza. Nyumba ilikuwa na zulia kila mahali na haikunuka chochote. Nilikuwa nimempa binti namba ya pale kwa ajili ya dharura. Simu ilipolia siku moja mchana na nikasikia pumzi za mtu anayehema, nilidhani ni dharura yenyewe.

"Nimepanda," alisema mzee. "Za mawe. Nimekaa barazani."

Nilimwuliza kama nyonga inauma, akasema inauma. Nilimwuliza kama amekula, akasema nisianze. Alisema maghala yako upande wa pili wa bonde, na kwamba kumepata joto, mapipa yameamka, upepo unaleta harufu yake. Binti yake alikuwa ndani anapika, na safari hii hajataja kuuza nyumba.

"Ngoja," alisema. "Ngoja, usikate."

Nikasikia mkwaruzo, kisha kiti kikilia, kisha nafasi tupu, ndege, kitu kama majani. Nilielewa polepole alichokuwa akifanya. Mtu mzima, aliyekula chumvi nyingi, alikuwa amenyoosha mkono wake mpaka mwisho wa waya na ameshikilia simu hewani, kuelekea kwenye mapipa yake, ili na mimi nipate. Aliishikilia hivyo muda mrefu.

"Inakufikia?" aliuliza aliporudi.

"Inanifikia, Mzee," nilisema.

Nilisimama pale kwenye zulia la watu, simu imekatika tayari, nikivuta pumzi kwa pua kwa nguvu zangu zote, nikirudia, mpaka yule bibi akageuka kutoka kwenye televisheni na kuniuliza kama kuna kitu kinaungua.